Daktari wako hapa ni nani?

Kila mgonjwa anayeingia chumbani kwangu kwa mara ya kwanza namuuliza daktari wake pale kliniki ni nani, kabla sijamuuliza kinachomsumbua. Wengi husita. Wengine hutaja jina la kliniki, wengine husema "yeyote aliyepo". Jibu hilo la pili ndilo linaloninyima raha. Nimefanya kazi miaka mingi katika kliniki za madaktari wengi, na nimeona jinsi mtu anavyoweza kuhudumiwa na madaktari wanne wazuri, wote wasomi, wote wenye nia njema, na bado akawa hana daktari.

Nilianzia wodini kabla ya kusomea udaktari wa familia, na kuhama huko kulinionyesha tofauti ambayo darasani haikuelezwa. Mgonjwa wa wodini anafika akiwa ameshachujwa. Kuna aliyemsikiliza kabla, akampima, akaandika barua ya rufaa, na kwa kawaida ugonjwa umeshaanza kujionyesha. Kwenye huduma ya msingi mtu anakuja na kichwa kinachouma, na kichwa hicho chanzo chake kinaweza kuwa deni, usingizi mchache, macho yanayohitaji miwani, presha, au mara chache sana, uvimbe. Mwaka 1961 Kerr White na wenzake walichapisha makadirio yaliyotokana na takwimu za Marekani na Uingereza: kati ya watu wazima 1,000, ndani ya mwezi mmoja 750 hivi huhisi kuumwa, 250 huenda kwa daktari, 9 hulazwa, 5 hupelekwa kwa daktari mwingine, na mmoja tu hufika hospitali ya chuo kikuu. Mimi na wenzangu tulifundishwa udaktari kando ya kitanda cha huyo mmoja. Wale 250 tulikutana nao tukiwa tumeshahitimu.

Kwa hiyo huniumiza kusikia daktari wa familia akiitwa "daktari wa kawaida", kana kwamba ni mtu aliyekosa nafasi ya kuwa bingwa. Marekani iliutambua udaktari wa familia kuwa ubingwa mwaka 1969, na bodi yake ndiyo ya kwanza nchini humo kudai kwamba kila daktari wake apimwe upya kila baada ya muda ili aendelee kuitwa bingwa. Ujuzi wenyewe ni kukaa na jambo lisilojulikana bila kumdhuru mgonjwa. Chukua kidole tumbo. Maumivu yake mara nyingi huanza katikati, karibu na kitovu, na mgonjwa hawezi kukuonyesha kwa kidole kimoja panapouma. Baada ya saa kadhaa yanahamia chini upande wa kulia na kutulia hapo. Asubuhi tumbo lile halina jina. Jioni linaweza kuwa nalo. Katika mazingira hayo muda wenyewe ni kipimo, lakini ni kipimo kinachofanya kazi vizuri pale mkono ulioligusa tumbo asubuhi unapoligusa tena jioni. Daktari mwingine akilibonyeza jioni anaona tumbo linalouma. Mimi niliyelibonyeza asubuhi naona tumbo lililobadilika.

Kliniki niliyokaa muda mrefu zaidi ilikuwa na madaktari wa familia, bingwa wa magonjwa ya ndani, bingwa wa watoto, na kwa kipindi fulani daktari wa wanawake. Watu huuliza kwa nini wote hao wawe chini ya paa moja wakati daktari wa familia anaona kila umri. Nimeishi na jibu. Daktari wa watoto alinifundisha kuhesabu pumzi. Naam, nilikuwa najua viwango: pumzi 60 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, 50 kwa wa miezi miwili hadi kumi na moja, 40 kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, kwamba hapo ndipo mtoto mwenye kikohozi huhesabiwa kuwa anapumua haraka. Nilichokuwa sijakiona ni namna ya kuhesabu. Yeye hakumgusa mtoto kwanza. Alimwacha mapajani kwa mama yake, nguo ikiwa imeinuliwa tumboni, akazungumza na mama kwa sauti ya chini huku macho yake yakiwa kwenye saa na kwenye tumbo la mtoto kwa zamu, dakika nzima, si nusu dakika mara mbili. Mtoto akilia, alisubiri, akaanza upya. Kisha akafungua chati ya ukuaji na kutazama uzito wa miezi iliyopita, hata kama mtoto ameletwa kwa ajili ya upele. Mpaka leo nikiona mtoto yeyote nafungua ile chati kwanza.

Bingwa wa magonjwa ya ndani alikuwa na kipaji cha aina nyingine. Alipenda wagonjwa ambao wengine waliwaona mzigo: mwenye kisukari, presha, moyo dhaifu na figo zinazochoka, wote katika mwili mmoja. Kila anapoongeza dawa alijiuliza kwa sauti ipi iondoke. Nimewahi kumwona akitumia miadi nzima kupunguza orodha ya dawa za mzee mmoja, na mzee yule akatoka bila dawa mpya hata moja, amefurahi.

Nimtaje pia mpokezi, kwa sababu kwenye vitabu vya ubingwa hayumo. Mpokezi wetu alikuwa amekaa pale kuliko madaktari wote. Siku moja alikuja mlangoni kwangu katikati ya miadi, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo, akaniambia, "Daktari, huyo baba aliyekaa pale anasema ana gesi tumboni, lakini yeye huwa haji bila miadi, na leo hajanisalimia." Nikatoka kumtazama. Alikuwa ametulia, jasho jembamba usoni, mkono juu ya kitovu. Kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha mshtuko wa moyo wa sehemu ya chini, ule ambao maumivu yake hujificha tumboni. Tulimpa aspirini, tukaita gari la wagonjwa, na akafika hospitali kwa wakati. Hakuna mashine ambayo ingesema "leo hajanisalimia". Ilisemwa na mtu aliyemjua, na ikasikilizwa kwa sababu kliniki ile ilikuwa na desturi ya kumsikiliza mpokezi.

Huo ndio upande mzuri wa kundi. Upande wa pili niliuona kwa bibi mmoja aliyekuja kwangu akisema, "Nimechoka tu, daktari. Sina homa, sina kikohozi. Nimechoka." Hakuwa kwenye orodha ya mtu yeyote, alikuwa akimwona yeyote aliyepo. Nilimwomba amwage mezani dawa zote zilizokuwa mfukoni mwake. Kulikuwa na enalaprili ya presha, aliyopewa na mwenzangu mmoja kwa sababu nzuri kabisa. Kulikuwa na dawa ya kutoa maji, aliyoongezewa na mwenzangu wa pili baada ya miguu kuvimba. Na kulikuwa na diklofenaki, dawa ya maumivu, aliyoandikiwa na wa tatu siku yenye foleni ndefu, kwa ajili ya goti.

Kila moja peke yake inatetewa. Zikikutana ni hatari kwa figo, na sababu yake inaeleweka hata bila kusomea udaktari. Figo huchuja damu kwa nguvu ya msukumo. Dawa ya kutoa maji hupunguza kiasi cha damu kinachozunguka. Diklofenaki huzuia mshipa unaoingiza damu kwenye chujio usipanuke pale figo inapohitaji damu zaidi. Enalaprili hulegeza mshipa unaotoka, kwa hiyo msukumo ndani ya chujio hushuka. Figo inabanwa huku na huku, na kwa mtu mwenye umri mkubwa, akiwa pia hanywi maji ya kutosha, inaweza kusimama. Kreatinini ya bibi yule, taka ambayo figo nzima huiondoa kwenye damu, ilikuwa imepanda sana, na potasiamu, chumvi ambayo ikizidi huhatarisha moyo, ilikuwa imeanza kuifuata. Tuliondoa diklofenaki moja kwa moja, tukasimamisha zile nyingine mbili kwa muda, tukamfuatilia kwa karibu, na figo zikarudi wiki zilizofuata.

Nilichukua faili lake nikalisoma lote. Madaktari wote watatu walikuwa wameandika vizuri. Lakini kila mmoja aliandika kwenye ukurasa wake, kwa tarehe yake, kwa tatizo lake, na orodha moja ya dawa zote haikuwepo mahali popote. Mtu ambaye kazi yake ingekuwa kuijua orodha hiyo pia hakuwepo.

Mambo haya si mapya. Kule Rochester, Minnesota, ambako William Worrall Mayo na wanawe wawili walijenga mojawapo ya kliniki za kwanza kubwa za madaktari wa pamoja, tatizo lilikuwa lilelile: kila daktari alikuwa na daftari lake. Mwaka 1907 Henry Plummer, daktari aliyejiunga nao mwaka 1901, alianzisha utaratibu wa kila mgonjwa kuwa na namba yake na faili moja linalomfuata popote anapoingia ndani ya kliniki. Nikisoma habari za Mayo Clinic naona watu wakisifu upasuaji wake. Mimi namsifu Plummer. Bila faili lake, madaktari wengi chini ya paa moja wangebaki kuwa wapangaji wa nyumba moja wasiojuana.

Hata hivyo faili peke yake halitoshi, na hili nalisema kwa uhakika kwa sababu baadaye nilifanya kazi mahali penye kompyuta nzuri kuliko zote nilizowahi kuona. Orodha ya dawa ilikuwepo, onyo la dawa zinazogombana lilikuwepo, likiwaka kwa kila kitu mpaka watu wakaacha kulitazama. Kompyuta inatunza habari. Wajibu unatunzwa na mtu.

Baada ya tukio la bibi yule tulikaa, madaktari, wauguzi na mpokezi, na tukabadilisha mambo machache. Kila mgonjwa wa kudumu aliandikwa kwa jina la daktari mmoja, kwa kuchagua mwenyewe. Kila daktari akawa na pacha wake, yule atakayewaona wagonjwa wake akiwa likizo au anaumwa, na mgonjwa akaambiwa majina yote mawili. Tulichagua pacha, tukakataa kundi zima, kwa kuwa watu wawili wanaweza kujua watu walewale, wanane hawawezi. Mpokezi akapewa kauli moja ya kutumia kwenye simu: "Daktari wako yupo kesho asubuhi. Unaweza kusubiri, au leo ni lazima?" Nilishangaa ni wangapi waliochagua kusubiri, na walikuwa wanachagua vizuri. Mwenye maumivu mapya ya kifua alionwa papo hapo na yeyote. Mwenye presha aliyehitaji kuzungumza alimngoja anayemjua.

Majibu ya maabara yalituchukua muda zaidi. Swali linaonekana dogo: anayesoma jibu ni nani? Katika kliniki ya daktari mmoja halina maana. Katika kliniki ya madaktari wengi ndilo swali lenye hatari kuliko yote, kwa sababu aliyeagiza kipimo Ijumaa huenda Jumatatu hayupo, na jibu lenye potasiamu ya hatari linakaa kwenye sanduku la mtu aliye safarini. Tulikubaliana kwamba aliyeagiza ndiye mwenye jibu, na asipokuwepo pacha wake hulisoma siku hiyohiyo na kuandika jina lake. Tukakataa pia ile ahadi iliyozoeleka ya "usipopigiwa simu ujue kila kitu kiko sawa". Ukimya unaweza kuwa na maana kwamba jibu limepotea. Mgonjwa alipewa tarehe ya kuuliza, na kila wiki muuguzi alipitia vipimo vilivyoagizwa ambavyo majibu yake hayajarudi.

Je, kuwa na daktari wako kunaongeza maisha? Mwaka 2018 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti 22 kutoka nchi 9, na 18 kati yake zilionyesha kwamba wagonjwa waliobaki na daktari yuleyule walikuwa na vifo vichache. Norwe, ambako tangu 2001 kila mkazi ana haki ya kuwa na daktari wa familia anayejulikana kwa jina, watafiti walilinganisha watu waliokuwa na daktari mmoja kwa zaidi ya miaka 15 na wale waliokuwa naye kwa mwaka mmoja. Uwezekano wa kulazwa kwa dharura na wa kwenda kliniki za usiku ulikuwa pungufu kwa karibu asilimia 30, na wa kufa kwa karibu robo. Tafiti hizi huangalia maisha yalivyo, hazipangi watu kwa kura, kwa hiyo huenda waliobadilisha madaktari walikuwa na shida nyingine pia. Hata nikilizingatia hilo, naziamini, kwa sababu namna jambo lenyewe linavyotokea nimeiona mezani kwangu, kwenye kile kifurushi cha dawa.

Sasa fedha, ambazo madaktari huona aibu kuzizungumza mbele ya watu. Nilipojiunga na kliniki ya kwanza, mapato yaligawanywa kwa idadi ya wagonjwa uliowaona. Matokeo yake yalionekana ndani ya muda mfupi. Kikohozi na ngozi inayowasha viligombewa. Mtu mwenye magonjwa matano aliyefiwa na mwenzi wake alihitaji nusu saa, na nusu saa hiyo ilikuwa hasara kwa atakayempokea, kwa hiyo alizungushwa kutoka chumba hadi chumba bila yeyote kutamka kwamba anamkwepa. Baadaye nilifanya kazi mahali pa mshahara mmoja kwa wote. Pale hakuna aliyemkwepa mgonjwa mgumu, lakini daktari mwenye bidii alijikuta akibeba foleni ya mwenzake, na manung'uniko yakaanza chini kwa chini. Njia ya tatu ni kulipwa kwa kila mtu aliyeandikwa kwenye orodha yako, aje au asije. Uingereza iliitumia kwa wafanyakazi wenye bima kutokana na sheria ya 1911, na huduma ya afya ya taifa ilipoanza 1948 ikaendelea nayo kwa wananchi wote. Ubaya wake ni kwamba anayejaza orodha kupita uwezo wake analipwa sawasawa na anayehudumia vizuri.

Kwetu tulimalizia kwa kuchanganya: sehemu kubwa mshahara sawa, sehemu kwa ukubwa wa orodha, na mzee au mwenye magonjwa kadhaa akihesabiwa zaidi ya kijana mzima. Mazungumzo yalikuwa machungu. Mmoja wetu aliondoka kwa sababu hiyo, na sikumlaumu. Lakini ninaamini kabisa kwamba mkataba wa kugawana fedha ni waraka wa kitabibu. Unaamua nani ataguswa na nani atasukumwa kwa jirani, na wagonjwa hawauoni kamwe.

Kuondoka kwa mwenzetu kulileta kazi nyingine ambayo hatukuwa tumeipanga. Orodha yake ilikuwa ya watu mamia, na kwa wengi wao alikuwa ndiye aliyejua habari ambazo haziandikwi: nani humeza dawa na nani huziweka kabatini, nani hujibu "sijambo" hata akiwa anaumia. Tulimwomba kabla hajaondoka awachague wale ambao kukatika kwa uangalizi kungewadhuru: wenye moyo dhaifu, wenye saratani, waliowahi kutaka kujiua, wajawazito wenye presha, wanaotumia dawa ya kuzuia damu isigande inayohitaji kupimwa mara kwa mara. Kwa kila mmoja aliandika nusu ukurasa. Wale waliokuwa wagumu zaidi aliwaona pamoja na daktari anayewapokea, wote watatu chumbani, na mgonjwa akasikia mwenyewe kinachosemwa juu yake na kusahihisha. Mama mmoja alisahihisha sana. Alisema dawa ya usiku aliiacha zamani kwa sababu inamfanya aanguke anapoamka, na hakutaka kumuudhi daktari aliyempenda. Daktari aliyempenda alikuwa amekaa palepale, na hilo alikuwa analisikia kwa mara ya kwanza. Dawa ikabadilishwa siku hiyohiyo.

Tangu hapo, hata mahali ambapo hakuna anayeondoka, huwapanga baadhi ya wagonjwa wangu wa muda mrefu wamwone pacha wangu mara moja kwa mwaka kwa makusudi, macho mapya kwenye faili la zamani. Anayekujua sana anaweza kukuzoea. Pacha wangu amewahi kunirudishia mgonjwa na karatasi yenye mstari mmoja: "Sauti yake imekuwa nzito, umeona?" Nilikuwa nikimwona kila mwezi, na badiliko lilikuwa limekuja polepole mno. Tezi yake ya shingo ilikuwa imepungua nguvu. Kipimo kimoja cha damu kilithibitisha, na alianza vidonge wiki hiyo.